Mkaa wa Mifupa na Chai ya Koko

Habari za kifo cha Mwalimu Shirima zilinikuta dukani kwangu Babati, nikibishana na fundi mmoja aliyetaka kurudisha koki baada ya kuivunja mwenyewe. Nilimwachia koki, nikamrudishia hela yake, nikafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo majirani zangu hawajawahi kuniona nikilifanya. Kesho yake asubuhi nilikuwa Karatu, nimekaa chini ya turubai kwenye kiti cha plastiki cha kukodi, nasubiri mwili uagwe kabla ya kusafirishwa kwenda Rombo. Mchaga hata akae Karatu nusu ya maisha yake, akifa anarudi mgombani kwao. Ndivyo walivyo, na siwalaumu. Manyunyu yalikuwa yanagonga turubai, lile vumbi jekundu la Karatu limegeuka utelezi, na kina mama wa jumuiya walikuwa wanachemsha chai kwenye sufuria kubwa nyuma ya nyumba. Nilipopewa kikombe nilikinusa kwanza. Mama aliyekaa karibu nami alinitazama kwa jicho la pembeni, akidhani naona kinyaa. Hakuna kinyaa. Ni mazoea yaliyonibaki kutoka mwaka mmoja wa ujana wangu, mwaka niliofanya kazi kwa Mwalimu Shirima ya kuchoma mifupa, na mpaka leo nauhesabu kuwa shule yangu ya kweli kuliko ile iliyonipa cheti.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kushuka kutoka Kansay kutafuta kazi yoyote mjini. Nilikuwa msichana mwenye maneno mengi na kicheko kidogo. Ukinichekesha nilikuwa naziba mdomo kwa kiganja, kama walivyofanya karibu wasichana wote niliokua nao, kwa sababu meno yetu yalikuwa ya kahawia, yenye madoa na vishimo kama mawe ya mtoni. Watu wa mikoa mingine walidhani hatupigi mswaki. Tulipiga, tena kwa majivu, mpaka fizi zikatoka damu. Siku niliyosikia kwamba nyuma ya bucha moja, karibu na barabara ya kwenda Oldeani, kuna mwalimu aliyeacha kufundisha na sasa anatengeneza ndoo za kusafisha maji yanayoharibu meno, sikwenda kuomba kazi. Nilikwenda kuomba meno. Nilimkuta amevaa koti la maabara lililokuwa jeupe zamani, amejaa masizi mpaka kwenye nyusi. Nikamwamkia, nikamwuliza kama nikinywa maji yale mwaka mzima meno yangu yatakuwa meupe. Aliweka chini koleo lake, akaniambia bila kuzungukazunguka, “Hapana, binti. Jino hutengenezwa ndani ya fizi ukiwa mdogo, likishatoka limeshakamilika. Yako yalishaharibika kabla hujajua kutembea vizuri. Hapa tunahangaikia ambao meno yao hayajatoka.” Nililia pale pale, mbele ya rundo la mifupa, na inzi wakinizunguka. Mwalimu alisubiri nimalize. Kisha akaniuliza kama najua kutumia chekeche.

Chumba nilichopanga kilikuwa kwenye nyumba ndefu ya vyumba mgongo kwa mgongo, na nilichangia na Nasieku, mwanamke wa Kimasai kutoka upande wa Ngorongoro ambaye mumewe alikuwa analinda kwenye hoteli moja ya watalii na analala huko huko kazini. Nasieku naye alifanya kazi kwa Mwalimu, ya kuponda mifupa, mtoto wake Lemayani, aliyekuwa bado ananyonya, akisinzia mgongoni. Kitanda kilikuwa kimoja, godoro moja, na kwenye ukuta tulibandika kurasa za kalenda yenye picha za twiga kwa sababu plasta ilikuwa inapukutika. Tuliishi kwa kutaniana. Mimi nilimwambia Wamasai hawajui kupika, yeye aliniambia Wairaqw tunajua kupika lakini tunapika kitu kimoja. Ila kuna mambo hakutania nayo. Alikuwa na binti mkubwa, Naserian, aliyemwacha bomani kwa mama mkwe wake, na miguu ya Naserian ilikuwa imepinda kama upinde. Watu walisema ni kurogwa. Mwalimu alimweleza Nasieku kwamba kitu kile kile kinachokula meno, kikizidi, kinapindisha na mifupa ya mtoto anayekua. Nasieku aliendelea kuponda mifupa. Lakini tulipokuwa tumekaa mlangoni tukichambua maharage aliniambia, “Pasi, Naserian nimeshachelewa. Huyu sitachelewa.” Paskalina ndilo jina langu, Pasi aliniita yeye peke yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mifupa ya ng'ombe tuliichukua kwenye mabucha, tukaichemsha kuondoa mafuta, tukaianika juu ya mabati hadi ikauke. Kisha iliingia kwenye tanuri la matofali, ikafunikwa, na matundu yakazibwa kwa udongo ili hewa isiingie. Mfupa ukiungua penye hewa nyingi unakuwa jivu jeupe. Ukiungua ndani ya kifuniko unakuwa mkaa mweusi, mwepesi, uliojaa vitundu. Mkaa huo ndio tulioponda na kuchekecha hadi ukawa chenga kama za mahindi ya kuku, tukaujaza kwenye ndoo yenye koki chini. Maji ya kisima yakipita humo taratibu, ile floraidi inabaki kwenye mkaa na maji yanatoka bila hiyo. Floraidi ni madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Kidogo yake ni dawa, nyingi yake ni sumu, na huioni wala huinusi. Kuichemsha hakusaidii. Ukichemsha maji yanapungua, yenyewe inabaki.

Nilikuwa nadhani mkaa unafyonza kama kitambaa. Mwalimu alikasirika niliposema hivyo. Alitoka nje, akapita na koti lake katikati ya majani ya kando ya uzio, akarudi limejaa kishonanguo, zile mbegu nyeusi zinazong'ang'ania nguo. “Koti likilowa mvua,” akasema, “maji yameingia ndani ya uzi. Hayo ndiyo unayoita kufyonza. Hizi mbegu je? Zimeingia ndani ya uzi? Zimeshika juu. Mkaa unafanya hivi. Uchafu unanata kwenye uso wake, basi.” Nikamwuliza, kama ni usoni tu, kwa nini ndoo ndogo inasafisha maji mengi hivyo? Akafurahi, kwa maana hilo ndilo swali alilolitaka. Akaniambia uso wa mkaa hauko nje tu. Kila chenga ina vyumba, vyumba vina vyumba, na kuta zote hizo ni uso. Viganja viwili vitatu vya mkaa ule, ukizikunjua kuta zake zote, zinaweza kutandika uwanja wa mpira. Kisha akaanza kunibandua kishonanguo mikononi, maana zilikuwa zimenihamia na mimi, akaendelea: koti likishajaa mbegu, ukipita tena kwenye majani hakuna kinachoshika, hakuna nafasi. Ndivyo na mkaa. Ukijaa umejaa, na maji yatapita kama yalivyokuja, safi machoni, mabaya tumboni, wala ndoo haitapiga kelele kukwambia. Ndiyo maana lazima ubadilishwe kwa wakati wake.

Tangu siku hiyo kila kitu kilichonata juu ya kingine kikawa somo. Madereva wa watalii waliopanga vyumba vya mbele walituletea vile vifuko vidogo vinavyowekwa kwenye mikoba ya kamera, vyenye punje kama sukari ya mawe, na kupitia ukuta tuliwasikia wakibishana ni sumu ya panya au ni chumvi ya kizungu. Mwalimu aliwaambia ni ndugu wa mkaa wetu: unyevu wa hewa unanata kwenye punje, kamera haioti ukungu. Alitueleza kwamba hospitali humpa mtu aliyekunywa sumu mkaa wa unga, sumu ikanata huko badala ya kuingia kwenye damu, na kwamba viwanda vya sukari vya zamani vilipitisha sukari guru kwenye mkaa wa mifupa kama wetu hadi ikawa nyeupe. Siku moja alimwaga wino wa kalamu kwenye glasi ya maji, akaupitisha kwenye kopo la mkaa, na maji yakatoka meupe. Nasieku alilizunguka kopo lile akitafuta wino ulikoenda. “Uko humo,” Mwalimu akamwambia. “Hakuna kilichopotea. Kimehamia tu.”

Mchana tulikula pamoja, karakana nzima, yaani sisi watatu na mtoto. Mwalimu alipenda ndizi na nyama, lakini zamu yangu nilipika makande, na nilipika kama yanavyopikwa kwetu, kwa kutupia kipande cha magadi ili maharage yalainike haraka. Siku ya kwanza Mwalimu alionja, akaniuliza nimepikia maji gani. Nikajibu kwa majivuno kwamba ni ya ndoo, yaliyochujwa. Akauliza na magadi je, nimeyatoa wapi? Nikamwonyesha. Nilidhani atanipiga. Magadi yale yanachimbwa kwenye chumvichumvi ya ukingoni mwa ziwa, na floraidi imejaa humo kuliko hata kisimani. “Tunaitoa mlangoni, wewe unairudisha dirishani!” alipiga kelele, na Nasieku alicheka hadi mtoto akaamka. Maharage bila magadi yalichukua mchana kutwa kuiva. Tulikula jioni, tukiwa tumenuna wote watatu.

Masika ilipoanza Nasieku aliugua homa ya matumbo, na alipopona maziwa yake yalikuwa yamekauka. Lemayani akaachishwa ziwa kabla ya wakati. Mumewe akaamua Nasieku arudi bomani ambako kuna ng'ombe, mtoto apate maziwa na chai na uji. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa habari njema. Nasieku alikaa kitandani, akakunja kanga zake polepole, akaniambia kwamba chai ya bomani ni nusu maziwa na nusu maji, na maji ni ya chemchemi ile ile aliyonywa Naserian. Mwalimu aliposikia akasema Nasieku ataondoka na ndoo, na kwamba yeye mwenyewe ataipeleka. Tatizo ni kwamba hatukuwa na mkaa uliokuwa tayari. Kuni zilikuwa zimelowa, tanuri lilitoa moshi zaidi ya moto, na Mwalimu, aliyekuwa na haraka ya kumfikishia mtoto maji, alilifungua kabla ya wakati. Mkaa ule ulikuwa na rangi ya chokoleti. Nilimwambia, “Mwalimu, mbona una harufu?” Akanusa, akasema hasikii kitu. Alikuwa amevuta moshi wa mifupa miaka mingi; pua yake ilishastaafu bila yeye kupewa taarifa.

Tulikwenda kwa Landrova ya kuazima, tukapita lango la hifadhi, tukapanda kwenye ukungu na kushuka upande wa pili ambako nyasi zinaanza. Njiani Nasieku alimwomba Mwalimu jambo moja. “Mwalimu, ukifika, mwambie mama mkwe ni mkaa. Mkaa tu. Usitaje mifupa.” Mwalimu akageuka kwenye kiti. “Kwa nini nifiche? Hatuuzi uganga, Nasieku. Mtu ana haki ya kujua anachokunywa.” Nasieku akaniangalia mimi, nami sikumwelewa. Hapo ndipo ninapokumbuka jinsi tulivyokuwa wajinga, mimi na Mwalimu, kila mmoja na ujinga wa kwao. Kwa Wachaga mfupa ni supu. Kwetu mfupa ni mfupa. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kuwa tunakwenda kwa watu ambao siku ya nyama ni ya nyama na siku ya maziwa ni ya maziwa, na viwili hivyo havikutani tumboni.

Mama mkwe, ambaye watoto wote walimwita Koko, yaani bibi kwa Kimasai, alitupokea vizuri. Alikuwa mrefu, kichwa kimenyolewa kinang'aa, na Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani. Naserian alikuja na miguu yake iliyopinda kutuinamishia kichwa tumguse, ndiyo salamu ya watoto wa Kimasai, na Mwalimu alimgusa, akabaki amekiacha kiganja pale muda mrefu. Kisha tukasimika ndoo, maji yakapita, Nasieku akachemsha chai kwa maziwa, na Koko akaletewa kikombe. Akauliza ndani ya ndoo kuna nini. Mwalimu akasimama wima kama yuko mbele ya darasa: “Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mama! Safi kabisa!”

Koko hakunywa. Alinusa kikombe, akamtazama Nasieku, akanusa tena. “Wewe mwalimu,” akasema, “hii iko supu. Umeweka maziwa ndani ya supu.”

“Si supu, mama, mifupa imeungua, ni kama...”

“Mimi najua harufu ya nyama. Nyama na maziwa kikombe moja? Unataka ng'ombe yangu ipate ugonjwa ya kiwele? Unataka huyu mtoto ataanza maisha yake namna hii?” Alimwaga chai nje, taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililotuumiza. Ndoo ikapelekwa kwenye zizi la mbuzi. Mkwe hawezi kubishana na mama wa mumewe mbele ya wageni. Nasieku alitusindikiza hadi kwenye gari amembeba Lemayani, na nilipomkumbatia akaniambia sikioni, “Kila kikombe, Pasi. Kila kikombe nitakachompa nitakuwa najua.” Sijasahau sauti yake. Nilirudi Karatu nimemkasirikia Koko, nimemkasirikia Mwalimu, na chumba kilipobaki changu peke yangu nilikasirikia hata twiga wa ukutani.

Mwalimu alishinda siku nyingi akilaani ushamba. Wazee, alisema, wanaua watoto kwa miiko. Alikuwa mtu mwema lakini mbishi kama punda, na mimi niliyekuwa mbishi kuliko yeye ndiye niliyemwambia ukweli: Koko hakukosea. Ile ilikuwa supu. Nilichukua maji ya mkaa ule wa chokoleti nikampelekea mwenye bucha, nikampelekea mama muuza chapati, nikawapelekea wale madereva, wote wakasema yananuka mchuzi, na mmoja akauliza kama kuna ndimu. Mwalimu aliwasikiliza wote akiwa amekaa kwenye gunia la mifupa. Nilimwonea huruma. Mtu aliyefundisha kemia miaka yote ile alikuwa anaambiwa na muuza chapati kwamba mzigo wake haujaiva. Mwishoni akacheka, akanipigapiga begani, akasema, “Basi kuanzia leo pua ni wewe.”

Tukaanza upya. Miezi ile ya masika na baridi yake tulichoma, tukafungua, tukatupa. Moto ukiwa mdogo, mkaa ulibaki wa kahawia na harufu yake. Tukauzidisha moto kwa hasira, mkaa ukatoka mweupe kama chokaa, hauna harufu hata kidogo, lakini Mwalimu alipoupima ulikuwa haushiki kitu. Vile vyumba vyake vya ndani vilikuwa vimeporomoka na kuzibana. Kati ya supu na chokaa kulikuwa na njia nyembamba, na tuliitafuta kwa kuangalia rangi ya moshi. Moshi mzito wa njano, bado. Moshi ukianza kukatika na kuwa wa bluu hafifu, ziba matundu yote, ondoka, usilikaribie tanuri hadi lipoe lenyewe. Kina mama wa Ngorongoro walioleta maziwa mjini walitupa habari: mtoto mzima, anatembea, anapenda chai. Walidhani wanatufurahisha. Mwalimu aliposikia “anapenda chai” alikuwa anageuza uso.

Kiangazi kilipoingia tukapata mkaa mweusi wenye kijivujivu, unaolia kama vigae ukiumwaga. Niliunusa, nikaulamba, nikautia kwenye maji ya moto nikanusa mvuke. Hakuna kitu. Tukarudi bomani. Safari hii Mwalimu aliacha koti lake la maabara nyumbani, na alipofika alimwamkia Koko, akavua kofia, akasema, “Mama, siku ile ulisema kweli. Ilikuwa supu. Nimekuja na ambayo naamini si supu, lakini pua yangu mbovu. Pima wewe.”

Koko akafanya jambo ambalo hakuna chuo kingeweza kunifundisha. Aliagiza ile ndoo ya zamani itolewe zizini. Akamwaga kiganja cha mkaa wa zamani juu ya jiwe moja, akamwaga kiganja cha mpya juu ya jiwe jingine, akapiga mluzi. Mbwa wa boma, wale wembamba wasiojua shibe, walikuja mbio kutoka kila upande. Nasieku alisimama mlangoni amemshika Lemayani mkono. Kama mbwa wangelamba vyote viwili mjadala ulikuwa umekwisha, na pengine kwa maisha yote. Mbwa walikwenda moja kwa moja kwenye mkaa wa zamani, wakaulamba, wakautafuna, wakagombana. Mmoja, jike mwenye sikio lililochanika, akahamia kwenye jiwe la pili. Akanusa. Akainua kichwa, akainamisha tena, akachukua chenga mdomoni. Mwalimu alifumba macho. Yule mbwa akatema, akapiga chafya, akarudi kugombania supu yetu.

“Mbwa haiwezi kudanganya kwa mambo ya nyama,” Koko akasema. Akachukua mkaa mpya, akausugua kati ya vidole, akaonyesha weusi wake. “Hii si mfupa tena. Hii iko mkaa. Mkaa tunajua.” Akaingia ndani, akatoka na kibuyu chake cha maziwa, akatuonyesha jinsi wanavyokisafisha kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, ukisugua ndani hadi kuta ziwe nyeusi, ndipo maziwa yanatiwa, hayaharibiki haraka na yananukia. Mwalimu alikishika kibuyu kile, akaingiza kidole ndani na kukitoa cheusi. Alibaki anakitazama kidole. Watu wale walikuwa wanaweka maziwa kwenye mkaa tangu enzi, na sisi tulikuja kuwafundisha kwa kuanza na neno mfupa. Chai ikachemshwa. Koko akanywa yeye kwanza, kikombe kizima, sisi tumesimama. Kisha akamimina kwenye kikombe kidogo cha bati, akaupuliza mvuke, akamwita Lemayani. Nasieku aliketi chini pale pale alipokuwa amesimama, akajifunika uso kwa shuka, na mabega yake yakawa yanacheza.

Baada ya hapo, tulivyosikia, hakuna aliyeruhusiwa kugusa ndoo ile ila Koko. Alipoelezwa kwamba mkaa hujaa bila kutoa dalili, alipokea jambo hilo kwa utulivu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumweleza. Alisema hata ng'ombe mgonjwa hakwambii. Kila masika ikianza alituma mtu Karatu kuleta mkaa wa zamani kwa Mwalimu na kuchukua mpya. Mimi niliondoka mwisho wa mwaka ule, nikaolewa Babati, nikaanza kuuza mabomba, biashara ya maji kwa njia nyingine. Nilipoondoka Lemayani alikuwa na vijino vya utotoni tu, ambavyo havisemi lolote. Meno yenyewe, ya ukubwani, yalikuwa bado yanajitengeneza gizani ndani ya fizi zake, na yangetoka baada ya miaka. Simu hazikuwa kama sasa. Nikawa mtu mwenye watoto na madeni na duka, na swali lile likakaa nami bila jibu, nikaliogopa, maana sikujua kama tulimfikia kwa wakati.

Sasa, chini ya turubai, nilimwona Nasieku anakuja, mzito wa mwili, shanga zake zimefunikwa na koti la msiba. Tulishikana mikono tukalia kidogo kwa ajili ya Mwalimu na kidogo kwa ajili yetu. Aliniambia Koko alifariki zamani. Naserian anatembea kwa fimbo, ana watoto watatu, meno yao mazuri, na anauza shanga karibu na lango. Nilitaka kumwuliza habari ya yule mwingine, lakini niliogopa jibu. Hakuhitaji kuulizwa. Aliita, na kijana mrefu aliyekuwa anapanga wabeba jeneza akaja, mtu mzima sasa, mwenye sare ya waongoza watalii, akainama. “Shikamoo mama mdogo. Wewe ndiye Pasi wa kishonanguo?” Akacheka kwa mdomo wote, na nilisahau kuitikia.

Meno yalikuwa meupe. Meupe juu, meupe chini, na kwenye yale mawili ya mbele ya juu ulipita mstari mmoja wa kahawia uliolala, mwembamba kama uzi, umekwenda sawa kutoka jino hadi jino. Juu yake na chini yake hakukuwa na doa. Niliuelewa kabla sijaambiwa, kwa sababu nilikuwapo, na jino hujengwa kuanzia nchani kuelekea kwenye fizi: sehemu ya chini ilijengwa akiwa ananyonya, ya juu ilijengwa kwa maji ya ndoo, na ule uzi ni ile miezi tuliyokuwa tunatafuta moto wetu kati ya supu na chokaa. Nasieku aliona ninapotazama. “Hiyo ndiyo chai yote niliyompa nikijua,” akasema. “Nilimwambia aende Arusha kwa daktari wa meno, wanaweza kuuziba usionekane. Hataki.”

“Daktari mwenyewe alishaandaa vifaa,” Lemayani akasema. “Mimi nikashuka kwenye kiti. Koko hakuwahi kupigwa picha, mama mdogo. Kaburi lake bomani huwezi kulijua. Mimi nikijitazama kwenye kioo namwona amesimama mlangoni anakataa, halafu namwona anakunywa yeye kwanza.”

Waliita wabebaji. Akafunga mdomo kwa heshima ya msiba, akaenda kushika jeneza la Mwalimu upande wa kichwa.